Waliosomwa na Wasiosomwa

Mwaka jana walibomoa kanisa letu la zamani, lile la tofali mbichi lililokuwa juu ya mgongo wa kilima, ili wajenge jipya lenye bati la rangi. Sisi wazee tuliobaki tukaitwa tuje tuliage. Tulikuwa saba. Wenzangu waliletwa kwa pikipiki, mimi nilitembea, maana pikipiki inanitia kizunguzungu na kijana anayeiendesha hasikii ukimwambia polepole. Tulipofika walikuwa wameshang'oa milango na madirisha, mabenchi yamepangwa nje kwenye nyasi kama watu wanaongoja dawa. Mchungaji wetu, kijana mzuri tu, akasema kila mmoja akae kwenye benchi alilolizoea tupige picha. Wenzangu wakaenda mbele. Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye benchi la mwisho, lile fupi lisilo na egemeo. Mchungaji akacheka, "Bibi, mbona unajificha huko? Hilo si la wanaochelewa ibada?" Nikamwambia, "Mchungaji, hilo halikuwa la wanaochelewa. Wewe ulikuwa hujazaliwa." Akadhani natania. Tangu siku hiyo ule mwaka niliolikalia haujaniacha, ndiyo maana nauandika hapa, kwa herufi zangu hizi kubwa za darasa la pili. Habari za nilikozaliwa na nani alinizaa siziweki, hazina kazi humu. Nilikuwa mke wa Loti, naitwa Tabita, inatosha.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya ile vita kubwa ya pili. Wamisionari Wajerumani waliolijenga kanisa lile walikuwa wamechukuliwa na serikali wakati wa vita, wakapelekwa mbali, na watu wa nje walidhani Ukristo wetu utakauka kama mahindi yaliyokosa mvua. Haukukauka. Ulibaki mikononi mwa watu kama Elieza, mwinjilisti wetu, ambaye alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu. Mchungaji tulimwona labda mara tatu kwa mwaka. Alikuja kwa baiskeli kutoka misheni, akabatiza, akatupa Meza ya Bwana, akaondoka. Siku nyingine zote alikuwepo Elieza. Alikuwa na koti moja jeusi lililopauka mabegani, na sauti yake haikupanda hata siku moja. Wahubiri wa siku hizi wanapiga kelele mpaka spika inalia. Elieza alisema taratibu, na ukikohoa katikati unaona aibu mwenyewe. Alilima kama sisi. Jumamosi alipiga magoti pamoja na wanawake kuisiriba sakafu ya kanisa kwa udongo na mavi ya ng'ombe, kazi ambayo mwanamume mwingine hakuigusa hata kwa mguu. Nimeona wachungaji wengi na maaskofu pia, wenye magari. Sijaona mwingine ambaye watu walinyamaza alipoingia bila kumwogopa.

Desturi moja waliyotuachia wale Wajerumani, na ambayo Elieza aliitunza kuliko zote, ilikuwa Jumapili ya Wafu. Ni Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, mvua za kwanza zimeshagusa ardhi, mafyulisi yameanza kunenepa mitini. Siku hiyo walisomwa wote waliokufa katika usharika tangu Jumapili ya Wafu iliyopita. Elieza anasoma jina, anangoja kiasi cha mtu kuvuta pumzi, na ndugu wa marehemu wanasimama. Wanabaki wamesimama mpaka jina la mwisho, ili watu wote waone msiba wa mwaka mzima umekaa wapi na wapi. Hakuna kulia kwa sauti. Kisha tarumbeta mbili zinalia mlangoni na sote tunakwenda makaburini tukiimba. Sasa, aliyekufa akiwa ametengwa, yaani amewekwa nje ya ushirika kwa ajili ya pombe, au mke wa pili, au kwenda kwa mganga, huyo hasomwi. Na ndugu zake hawasimami. Wanakaa katikati ya waliosimama kama visiki shambani.

Mwaka mmoja kabla ya huu ninaousimulia, aliyekaa alikuwa Sara, mjane wa Yeremia. Yeremia alikunywa, hakuna aliyebisha. Alitoka kilabuni akaangukia mtoni, wakampata asubuhi. Mimi siku ile nilisimama kwa ajili ya baba mkwe wangu, nimejifunga kanga mpya, nimeshiba, mume wangu yuko upande wa wanaume ananichungulia. Nikamwona Sara amekaa, shingo ameiinamisha. Nikamnong'oneza aliyekuwa karibu yangu, "Mtazame, kama kifaranga aliyenyeshewa." Tukabana kicheko. Ndiyo, niliyasema hayo kanisani, siku ya wafu. Ningeweza kuliacha hilo, maana aliyelisikia alishakufa. Lakini nikiliacha, yanayofuata hayataeleweka vizuri.

Basi mwaka ukaanza. Mwezi wa pili, mvua ikiwa kali, mama mkwe wangu akaugua vidonda vya koo. Tulikuwa tukikaa naye nyumba moja, mimi na Loti. Ugali ulimshinda, uji ulimchoma, hata maziwa alitema. Kitu kimoja tu kilipita: mtogwa. Kwa wasiotujua sisi watu wa Njombe, mtogwa ni maji matamu ya mwanzi. Unakata kichwa cha mwanzi mchanga, unafunga chini yake kipande cha mwanzi mnene ulio wazi ndani, tunakiita mbeta, na maji yanadondoka humo. Ukiunywa siku hiyo hiyo ni mtamu kama muwa. Ukilala unakuwa ulanzi, na huo ukiuendekeza unaimba barabarani. Wazee wa kanisa walikuwa wameshakaa na kuamua: mtogwa uliogemwa leo ukanywewa leo, katika mbeta iliyooshwa kwa majivu na maji moto, si pombe. Ulioachwa ukalala ni pombe. Kwa hiyo Loti akaenda kwa Elieza kuomba ruhusa, akapewa, akawa anagema asubuhi na jioni kwa ajili ya mama yake. Na mimi kazi yangu ilikuwa kuosha mbeta.

Loti alikuwa mrefu, mwepesi wa mzaha. Akirudi kutoka kwenye mianzi kalowa chapachapa alisema, "Mama, ng'ombe wako wa kijani amekamuliwa." Mama alicheka kwa macho, koo lilikuwa haliruhusu. Nyumba ile ilikuwa na chumba cha mbele chenye meko katikati, na mama alilala upande wa ukutani karibu na moto, kwenye ngozi na blanketi mbili. Tulikula hapohapo, maharage na ugali wa ulezi, tukimsikiliza anavyopumua. Ninapofumba macho chumba hicho nakiona kuliko hiki ninachokaa.

Mimi sikuosha. Wacha niliseme moja kwa moja. Maji yalikuwa bondeni, njia inateleza, baridi ya asubuhi inakata vidole, na kuni zilikuwa mbichi. Siku ya kwanza nikasuuza kwa maji baridi. Siku ya pili nikasuuza kidogo. Siku ya tatu nikakung'uta tu. Na kuna jambo jingine, baya zaidi. Niliyaonja mashapo yaliyobaki mle ndani, yana ukali kidogo unaochoma ulimi, nikayapenda. Nikawa nayaacha makusudi ili mtogwa mpya ukidondokea humo uchachuke haraka, nami, nikishammiminia mama wa juu uliokuwa bado mtamu, nijipatie vikombe viwili vya chini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa hivi. Nilidhani Mungu anawatazama wanaokwenda vilabuni tu.

Ilikuwa desturi, kabla mchungaji hajaja kutoa Meza ya Bwana, wazee wa kanisa wapite nyumba kwa nyumba. Kwetu wakaja watatu, wakiongozwa na Mzee Zakaria, mtu mnene, mkarimu, mwenye ulimi uliojua ulanzi vizuri maana aliokoka ukubwani. "Kamwene," akasalimu mlangoni, tukaitikia. Akamwombea mama. Kisha akaiona mbeta ukutani. Akaichukua, akaonja. Akazungusha mdomoni. Akaonja tena.

"Huu umelala," akasema.

"Haujalala, mzee," akasema Loti. "Nimegema leo asubuhi, jua lilikuwa halijatoka."

"Basi umelazwa na chombo. Chombo hiki nani anakiosha?"

Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi. Nikafungua mdomo, na neno halikutoka. Loti akanitazama mara moja tu. Wakati huo tulikuwa tumemaliza mwaka wa pili wa ndoa bila mtoto, na mama alikuwa ameshaanza kuuliza wageni, tena mimi nikisikia, kama kwetu kuna wengine waliochelewa hivi. Loti alijua mama akipata sababu ya pili, nitarudishwa nyumbani na kapu langu.

"Naosha mimi," akasema.

Mmoja wa wazee akapasuka kicheko. "Wewe? Mwanamume mzima unaosha mbeta? Na kupika unapika?"

"Napika pia. Njooni jioni muonje."

Wakacheka wote, hata Zakaria. Mvua ilikuwa inasogea kutoka upande wa Lupembe, wazee walikuwa na nyumba nyingine nne za kupita, wakaandika jina lake wakaondoka. Jumapili iliyofuata Elieza akasimama mbele akamtangaza mdogo wake wa tumbo moja. Hakumwita mwenye dhambi, na hakumwita ndugu yangu. Alisema jina lake, kosa, na kwamba amewekwa nje mpaka atakapotubu mbele ya usharika. Loti akainuka kutoka upande wa wanaume akaenda kukaa kwenye benchi fupi la nyuma. Nami nikaenda mbele nikapokea mkate na divai.

Mtu atauliza, si angetubu tu, yaishe? Nilimwambia hivyo. Tulikuwa tunapalilia viazi, akasimamisha jembe. "Tabita, nimewaambia wazee uongo mmoja. Wa pili, nisimame mbele ya Mungu nitubu nisilolifanya, huo siuwezi." Nikasema basi nitasema mimi. Akasema, "Mama kwanza apone. Hivi alivyo, akikasirika atakufa." Na alikuwa kweli ameanza kupona, anakula uji. Lakini benchi lile lilimchosha Loti. Watoto walimwita Mpika Ulanzi. Baada ya Pasaka akapata lori akaenda Makambako, pale njia zinapokutana, moja inakuja kwetu na nyingine inakwenda Iringa na Mbeya, akawa anapakia na kupakua mizigo kwa mwenye duka mmoja.

Mwezi wa sita nikamfuata. Nilipanda juu ya magunia ya viazi pamoja na wanawake wengine wawili, upepo unatupiga usoni mpaka machozi yanakwenda masikioni. Upepo wa Makambako si mchezo, hata leo. Loti alikuwa na kachumba nyuma ya duka, nusu yake magunia ya chumvi, nusu yake yeye. Ukutani alikuwa amepigilia msumari mmoja, koti na kitabu cha nyimbo ndani ya mfuko wa unga vinaning'inia hapo. Tulikula maharage kutoka kwenye kopo, kijiko kimoja tunapokezana. Ng'ambo ya ukuta wa bati utingo wa malori walikuwa wanabishana. Mmoja alisema, "Yule Mbena wa chumvi hanywi, havuti, Jumapili anatuimbia. Sijui kafukuzwa kwao kwa nini." Mwingine akasema, "Labda aliua." Loti akaniwekea kidole mdomoni nisicheke. Akaniambia kila Jumapili wanakusanyika wanne, yeye, fundi cherehani na wapakiaji wawili kutoka Makete, wanaimba na kusoma. Hakuna aliyemweka mbele, wala nyuma.

"Twende nyumbani," nikamwambia. "Nitasimama niseme."

"Krismasi nakuja," akasema. "Tutasimama wote wawili. Wewe useme la kwako, mimi niseme uongo wangu. Mama atakuwa na nguvu za kutupiga wote."

Nikarudi nimefurahi. Niliimba njia nzima juu ya lile lori, wale wanawake wakasema, huyu kapewa nini huko?

Mwezi wa nane akashikwa na kichomi. Ilikuwa ile baridi inayogeuza umande kuwa chumvi juu ya majani. Habari ililetwa na dereva, siku ya tatu. Elieza akaenda, akakuta ameshazikwa. Yule fundi cherehani ndiye aliyemsomea sala za maziko. Elieza akarudi na koti na kitabu cha nyimbo. Mwili ulibaki Makambako, na siku zile hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuuleta. Kilichoweza kurudi nyumbani ni jina, na jina lilikuwa na siku moja tu ya kurudi.

Tangu hapo nikawa nahesabu Jumapili. Mama naye alikuwa anahesabu, ila hatukuambiana. Jioni moja mwezi wa kumi na moja, Elieza alikuja kwetu na karatasi yake ya majina, maana alipenda kuandikia karibu na moto wa mama. Mimi nilikuwa chumba cha ndani napepeta ulezi. Nikasikia:

"Umeshamwandika?"

"Mama, usiniulize hilo."

"Nakuuliza. Nimezaa wanaume wawili. Mmoja anaandika, mwingine haandikwi?"

"Nikimsoma Loti, Sara atanitazama usoni."

"Sara! Mumewe si alizama na pombe yake!"

"Na mwanao alikufa nje kama yeye. Kalamu ni hiyo hiyo, mama."

Kuni zikapasuka. Kisha nikasikia sauti ya mama, ndogo, kama ya mtoto anayeuliza njia. "Basi mimi siku hiyo sitasimama?"

"Utakaa, mama. Mimi nitasoma nimesimama, lakini nitakuwa nimekaa pamoja nawe."

Niliweka ungo chini. Nilijua sasa kwamba mtu anayeweza kulileta jina lile ni mmoja tu duniani, na ndiye aliyekuwa mle ndani amejaa vumbi la ulezi.

Kesho yake, Jumamosi, tulikuwa tunasiriba sakafu ya kanisa. Nikangoja wanawake wengine waende kuchota maji, nikasogea alipokuwa Elieza, tumepiga magoti wote wawili, mikono ndani ya udongo. Nikamweleza. Nilisema yote, mpaka vile vikombe viwili. Hakuinua kichwa. Kiganja chake kiliendelea kusawazisha mahali palepale mpaka pakang'aa.

"Nani mwingine anajua?"

"Loti alijua."

"Meza ya Bwana umeipokea mara ngapi tangu siku ile?"

"Mara mbili, shemeji."

Nikadhani atanifukuza. Akasema, "Loti alitangazwa mbele ya watu wote. Siwezi kumrudisha kwa neno ulilonipa mimi peke yangu hapa kwenye matope. Kesho, kabla sijasoma, nitauliza kama kuna mwenye neno. Sitakutazama. Usiposimama, sitakuja kukuuliza tena maisha yangu yote, wala sitamwambia mtu."

"Na mama?"

"Mama atasikia wakati watu wengine wanasikia. Hapo sina msaada, shemeji." Kisha akafuta jicho kwa mgongo wa mkono, udongo ukabaki shavuni. Nimewahi kusikia watu wakisema Elieza alikuwa mgumu kama mwamba. Hawakuwepo kwenye sakafu ile.

Jumapili kanisa lilijaa. Sakafu ilikuwa bado na unyevu, inanukia. Nilikaa pamoja na mama, bega kwa bega. Alikuwa amevaa kanga nyeusi, mikono ameibana kati ya magoti kama mtu aliyejiandaa kukaa. Sara alikuwa benchi la mbele yetu. Elieza akafungua karatasi. Akasema, "Kabla ya majina. Kama kuna mwenye neno na usharika, aseme." Akatazama dirishani.

Nikasimama. Nikasema, "Mbeta ile aliyepewa kuiosha ni mwanamke. Ni mimi, na sikuiosha. Niliacha mashapo kwa kupenda. Loti aligema mtogwa wa mama yake, hakuwa na pombe. Alisema ni yeye ili nisirudishwe kwetu." Nilikuwa nimepanga maneno mengine mazuri ya kuomba radhi, yote yalinikimbia. Nikasema tu, "Ndiyo hivyo."

Upande wa wanawake pakapita sauti kama upepo kwenye mianzi. Mama hakugeuka. Alitazama mbele, na niliona mshipa wa shingoni mwake unapiga. Elieza akasema, "Tabita, nenda nyuma." Nikatembea kati ya wanaume na wanawake mpaka benchi fupi, nikakaa pale Loti alipokaa.

Wazee wakatoka nje kushauriana, wakasimama karibu na dirisha la nyuma bila kukumbuka kwamba dirisha halina kioo. Nikawasikia. Mmoja anasema, "Maungamo ya aliye hai yanamrudishaje aliyekufa? Kwenye kitabu hakuna." Mwingine anasema, "Tukifungua mlango huu, kesho kila mjane atakuja na mbeta yake." Kisha Zakaria akasema, "Mimi nilijua." Wakamuuliza, ulijua nini? "Nilijua siku ile ile. Mwanamume gani wa kwetu anaosha mbeta? Nilicheka, nikaandika, maana mvua ilikuwa inakuja na sikutaka kulowa. Sasa na mimi mniweke nje?"

Wakarudi. Elieza akaanza kusoma. Yalikuwa majina tisa mwaka huo, manne ya watoto wachanga. Jina, pumzi, ndugu wakasimama. Jina, pumzi. Alipomaliza la tisa akaikunja karatasi. Ndipo Mzee Zakaria akainuka kwenye benchi la wazee, mwili wake mzito, ameshika mgongo wa benchi la mbele yake.

"Mwinjilisti anaogopa mtasema amempendelea ndugu yake," akasema. "Basi nasoma mimi. Loti. Hakutoka nje mwenyewe. Tulimtoa sisi, kwa haraka."

Nikamwona mama anasimama. Alisimama polepole, akishika bega la mtu, lakini alisimama akanyooka. Sikujua kama aliyetengwa anaruhusiwa kusimama. Sikumuuliza mtu. Nikasimama kule nyuma peke yangu.

Tulidhani imekwisha, mwenye tarumbeta alishaweka mdomo. Sara akainuka. Hakugeuka kunitazama mimi, wala kumtazama mama. Akamtazama Elieza usoni, kama Elieza mwenyewe alivyomwambia mama.

"Na Yeremia wangu," akasema. "Yeye alikunywa kweli."

Nje kuku mmoja alikuwa anaita vifaranga. Elieza akaifungua tena karatasi, akaitazama, na jina hilo wala halikuwemo, lilikuwa la mwaka uliopita. Wazee wakamtazama. Alikuwa mtu wa sheria, na sheria ile aliipokea kwa watu aliowaheshimu kuliko baba yake. Kisha akasema, kwa sauti ile ile aliyosomea wengine wote, "Yeremia." Akangoja kiasi cha pumzi. Sara alikuwa ameshasimama, kwa hiyo akabaki hivyo hivyo, na tarumbeta zikalia.

Nisije nikaonyesha kwamba yote yalinyooka. Mchungaji alipokuja mwezi uliofuata alimkemea Elieza saa nzima, mlango umefungwa, na wazee wawili hawakumsalimia mpaka Pasaka. Mimi nilikaa kwenye benchi lile miezi sita, na watoto walipata jina jipya la kunitania. Lakini mwaka uliofuata, Elieza alipomaliza karatasi yake, aliikunja, akangoja, na watu wakajua anangojea nini. Mwanamke mmoja akataja jina. Kisha mzee mmoja. Hivyo ndivyo tulivyofanya miaka yote mpaka Elieza naye akasomwa. Nimekwenda kwenye makanisa makubwa, yenye kwaya za sare na vinanda vya umeme. Mahali ambapo watu wanangojewa hivyo, sijapaona tena.

Siku ile, baada ya makaburini, tulirudi nyumbani mimi na mama, yeye mbele, mimi nyuma hatua ishirini. Aliingia jikoni akaanza kupika mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya tangu augue. Nikakaa nje kwenye gogo la kupasulia kuni. Nilikuwa nafikiria kapu langu, vitu vilivyomo, na nani atanisindikiza kwetu. Nikasikia mwiko unagonga chungu, kisha sauti.

"Tabita!"

"Abee, mama."

"Ugali unapoa."

"Sina njaa, mama."

"Sikukuuliza njaa." Akatokea mlangoni, moshi unatoka nyuma yake, macho mekundu, sijui kwa moshi au kwa nini. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu kanisani, akanitazama kwa muda mrefu, kama anayepima kitu cha kubeba. "Mwanangu amesomwa, hali tena. Wewe bado unakula. Ingia."

Nikaingia. Tulikula sahani moja, na kila alipokata tonge aliisukuma mboga kwa kidole kuja upande wangu, huku akitazama moto.